Jicho la Kingamwili, Mkono wa Seli T

Muuguzi anayetundika dripu ya dawa ya sumu ya nyoka katika wodi ya dharura ameshika mkononi vipande vya kingamwili, hata kama jina hilo halijaandikwa kwa herufi kubwa kwenye kichupa. Farasi amedungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza kingamwili za kuipinga, damu yake ikachukuliwa, kisha kingamwili hizo zikakatwa kwa kimeng'enya. Sehemu inayoinasa sumu hubakizwa. Mkia, ambao huweza kuuchokoza mwili wa binadamu bila faida yoyote, hutupwa. Dawa nyingi za aina hii zinazotumika barani Afrika hutengenezwa kwa njia hiyo, na kazi yake huishia pale sumu inapokwisha kunaswa.

Makala haya yanahusu vipande vya ukoo huohuo vilivyopewa kazi nyingine. Badala ya kuelea katika damu, vimepandwa juu ya ngozi ya seli hai ya kinga. Kipande kinapogusa kile kilichoundwa kukitambua, seli nzima iliyo nyuma yake huamka na kutenda: huua, huzaliana, huita wenzake, na huweza kukaa mwilini kwa miaka. Hapo ndipo matumaini yalipo, na hatari nayo ipo hapohapo.

Kingamwili ina umbo la herufi Y, na ncha zake mbili za juu ndizo zinazonasa. Mwaka 1959 mwanasayansi Mwingereza Rodney Porter alieleza jinsi alivyoikata kwa papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai bichi, utomvu uleule ambao mpishi wa mishikaki huutumia kulainisha nyama. Alipata vipande viwili vyenye uwezo wa kunasa na kimoja kisicho na uwezo huo. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1972 pamoja na Mmarekani Gerald Edelman. Mnamo 1988 watafiti nchini Marekani walikwenda mbali zaidi. Walichukua ncha tupu za minyororo miwili ya kingamwili, mzito na mwepesi, wakaziunganisha kwa uzi mfupi wa asidi amino. Matokeo yake ni kipande chenye takriban sehemu moja ya sita ya ukubwa wa kingamwili kamili, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni moja tu. Hilo la jeni moja ndilo lililofungua mlango, kwa kuwa jeni moja huweza kupachikwa ndani ya seli nyingine bila taabu kubwa.

Seli iliyochaguliwa ni seli T. Yenyewe ni muuaji hodari: hutoboa ukuta wa seli yenye ugonjwa na kuingiza vimeng'enya vya kuivunja kutoka ndani. Udhaifu wake ni macho. Kwa asili seli T haimwoni adui kama alivyo. Huona vipande vidogo vya protini vikiwa vimewekwa juu ya molekuli za utambulisho, ambazo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Seli nyingi za saratani hujifunza kuacha kuzionyesha molekuli hizo, nazo zikapita mbele ya seli T kama mtu asiyeonekana. Kingamwili haina shida hiyo, maana huitambua protini moja kwa moja ilivyo juu ya seli. Isipokuwa tu, kingamwili peke yake haina mkono wa seli T.

Zelig Eshhar na wenzake katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliunganisha jicho na mkono. Walianza mwaka 1989, na kufikia 1993 walikuwa wametumia kipande cha mnyororo mmoja: kipande chenyewe nje ya seli, shina lipitalo kwenye ukuta wake, na kwa ndani mkia wa protini unaoamuru seli T ishambulie. Kitu hicho kinaitwa kipokezi mseto cha antijeni, na seli zinazokibeba zinajulikana duniani kote kwa jina la CAR-T.

Seli za mwanzo hazikufua dafu. Ziliua kwenye vyombo vya maabara, lakini zilipoingia mwilini zilichoka na kutoweka upesi. Sababu ni kwamba seli T ya kawaida haitoshelezwi na ishara moja. Huhitaji ya pili inayoithibitisha ya kwanza, kama gari linalohitaji ufunguo na mafuta vilevile. Vizazi vilivyofuata viliongezewa kwa ndani sehemu ya protini iitwayo CD28, au nyingine iitwayo 4-1BB. Seli zenye CD28 huwaka haraka na kwa nguvu. Zenye 4-1BB huenda taratibu zaidi na hudumu. Wagonjwa wawili wa lukemia sugu ya limfosaiti waliotibiwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa seli za aina hii ya pili walionekana bado wana seli hizo katika damu yao zaidi ya miaka kumi baadaye, na ugonjwa wao haukuwa umerejea.

Utaratibu wa tiba wenyewe ni rahisi kuueleza. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayotenga seli nyeupe. Maabara hupachika jeni ya kipokezi kwa kutumia virusi vilivyolemazwa visiweze kuzaliana, kisha seli hukuzwa hadi zifike mamilioni mengi. Wakati huo mgonjwa husubiri kwa wiki kadhaa, na wengine ugonjwa huwatangulia. Hupewa dawa za kupunguza seli zake za kinga, kwa kawaida fludarabini na saiklofosfamaidi, ili kuwapisha wageni. Kisha hutundikiwa mfuko mdogo ambao huisha kwa muda mfupi kuliko chupa moja ya damu.

Kazi ya wauguzi huanza baada ya hapo.

Homa inayotangaza kwamba dawa imefanya kazi

Mwezi Aprili 2012, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, binti wa miaka sita aitwaye Emily Whitehead alipewa seli hizi kwa ajili ya lukemia iliyokuwa imerejea. Alikuwa mtoto wa kwanza kupewa tiba hiyo. Siku chache baadaye homa ilipanda kupita kiasi, shinikizo la damu likaanguka, na mtoto akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari walipima protini za mawasiliano ya kinga, yaani saitokini, wakakuta intaleukini-6 imepaa mno. Carl June, aliyeongoza utafiti huo, alifahamu dawa inayoizuia, tosilizumabu, kwa sababu ilikuwa ikitumika kwa baridi yabisi ya utotoni, maradhi aliyokuwa nayo binti yake mwenyewe. Dawa ilitolewa, na ndani ya saa chache hali ya mtoto ikaanza kubadilika. Lukemia nayo ilikuwa imetoweka.

Jambo la kuzingatia hapa, ambalo mara nyingi husahauliwa tukio hili linaposimuliwa kama muujiza, ni kwamba sehemu kubwa ya intaleukini-6 haitoki kwenye seli za CAR-T zenyewe. Hutoka kwa majirani waliochochewa, hasa makrofaji. Ndiyo maana moto huo waweza kuzimwa bila kuwaua askari walioletwa. Tarehe 30 Agosti 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya CAR-T, na siku hiyohiyo ikaidhinisha tosilizumabu kwa dhoruba ya saitokini. Kwa maoni ya mwandishi huyu, idhini ile ya pili ina uzito uleule wa ile ya kwanza.

Hatari nyingine ni ya ubongo: mgonjwa huchanganyikiwa, hushindwa kutaja vitu, wakati mwingine hupata degedege au kupoteza fahamu. Kuigundua mapema hakuhitaji mashine ya gharama. Muuguzi humuuliza mgonjwa mwaka, mwezi, mji na hospitali aliyopo. Humwonyesha vitu vitatu avitaje. Humpa agizo dogo alitekeleze. Humwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa makumi. Na humpa karatasi aandike sentensi moja. Jumla ni alama kumi. Mwandiko wa mtu aliyekuwa akiandika vizuri asubuhi huweza kuharibika jioni hata kabla hajasema neno lisiloeleweka, na karatasi hizo zikipangwa kwa tarehe husomeka kama chati ya joto.

Shabaha, na nguvu ya kushika

Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja ambayo kila anayeunda vipokezi hivi huisoma. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye mapafu na ini. Seli zake T zilipewa kipande kilichotokana na trastuzumabu, kingamwili inayofahamika vyema kwa wanaotibu saratani ya matiti, ambayo hulenga protini iitwayo HER2. Alipewa seli bilioni kumi. Ndani ya dakika 15 alianza kushindwa kupumua, na baada ya siku tano alifariki. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba seli za kawaida za mapafu hubeba HER2 kwa kiwango kidogo sana. Kingamwili inayoelea katika damu ilikuwa imetumika kwa maelfu ya wagonjwa bila kuyadhuru mapafu kwa namna hiyo. Kipande kilekile kilipowekwa juu ya seli T, kiwango hicho kidogo kilitosha kuamsha shambulio.

Hivyo ubora wa kipande hauwezi kupimwa kikiwa peke yake kwenye chupa. Hupimwa kikiwa juu ya seli, na mbele ya viungo vyote vya mwili, si uvimbe tu.

Hii pia ndiyo sababu mafanikio makubwa yamekuwa kwenye saratani za seli B. Protini iitwayo CD19 imo juu ya seli B karibu zote, zilizo nzima na zenye saratani, na haimo kwenye mapafu, moyo wala figo. Ikilengwa, mgonjwa hupoteza seli B zote, wema na waovu. Ni hasara, lakini mtu huweza kuishi nayo, na upungufu wa kingamwili huzibwa kwa kumpa imunoglobulini ya wachangiaji kwa dripu. Kwa uvimbe mgumu wa matiti, shingo ya kizazi au tezi dume, bado haijapatikana shabaha ambayo mwili unaweza kuipoteza kwa amani kiasi hicho. Hadi makala haya yanaandikwa, si Marekani wala Ulaya iliyoidhinisha CAR-T kwa saratani hizo tatu.

Kuna suala la nguvu ya kushika, ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko yote katika fani hii. Kipande kilichotumika katika tiba za kwanza za CD19 kinatokana na kingamwili ya panya iitwayo FMC63, iliyotengenezwa Australia. Hushika kwa nguvu sana. Kwa dawa ielayo katika damu hiyo ni sifa. Lakini kipokezi cha asili cha seli T hushika kwa ulegevu: hugusa, huhukumu, huua, huachia, huenda kwa mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College, walijiuliza kama king'ang'anizi ndiye muuaji bora. Wakaunda kipokezi chenye kipande kinachoishika CD19 kwa nguvu iliyopungua zaidi ya mara 40, hasa kwa sababu huachia mapema. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya watoto 14 wenye lukemia iliyorejea au iliyokataa dawa: 12 kati yao saratani ilitoweka hata kwa vipimo vya molekuli, na hakuna aliyepata dhoruba kali ya saitokini. Tiba iliyotokana na kipande hicho iliidhinishwa Marekani Novemba 2024 kwa watu wazima. Watoto 14 ni wachache, na ulinganisho wa moja kwa moja haukufanyika katika utafiti huo. Hata hivyo, ni vigumu kutovutiwa na wazo kwamba usalama waweza kupatikana kwa kumfundisha askari kuachia.

Kufuli mbili, na swichi ya kuzimia

Wanachama wa VICOBA wanalijua sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Mmoja akikosekana, halifunguki. Wahandisi wa seli wanatafuta kitu kama hicho. Mwaka 2016 kundi la Wendell Lim katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilieleza kipokezi ambacho hakiamuru kuua. Kwa nje kina kipande cha kingamwili kama kawaida. Kikinasa shabaha ya kwanza, sehemu yake ya ndani hukatika, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni iliyochaguliwa na mtafiti. Jeni hiyo yaweza kuwa ya kipokezi cha CAR kinachotafuta shabaha ya pili. Seli hiyo haiui hadi iwe imekutana na zote mbili mahali pamoja. Kama mapafu yana moja na uvimbe una mbili, mapafu yanasalimika. Katika panya ilifanya kazi. Kwa binadamu bado ni suala la majaribio.

Njia nyingine ni swichi ya kujiua. Watafiti wa Houston walionyesha mwaka 2011 kwamba seli T za mchangiaji zilizopachikwa protini ya kujiangamiza ziliweza kuondolewa kwa dozi moja ya dawa: zaidi ya asilimia 90 zilipotea ndani ya dakika 30, kwa wagonjwa wanne ambao seli hizo zilikuwa zimeanza kuushambulia mwili. Hizo hazikuwa CAR-T, lakini swichi hiyo sasa hujaribiwa humo pia.

Vipande vyenyewe vinabadilika. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels walitangaza kwamba ngamia, tofauti na wanyama wengine waliokuwa wamechunguzwa, ana kingamwili zisizo na mnyororo mwepesi. Ncha yake moja pekee yatosha kunasa. Kipande chake ni kidogo zaidi na imara zaidi. Tiba ya saratani ya mayeloma iliyoidhinishwa Marekani Februari 2022 ina vipande viwili vya ukoo wa ngamia kwenye kila kipokezi, vikilenga sehemu mbili za protini moja.

Na huenda matumizi makubwa yasiwe ya saratani. Huko Erlangen, Ujerumani, kundi la Georg Schett lilimtibu mwaka 2021 msichana wa miaka 20 mwenye lupasi kali iliyoharibu figo kwa seli za CD19 zilezile. Seli B zilizokuwa zikitengeneza kingamwili dhidi ya mwili wake zilifutwa, na zilipozaliwa upya hazikuurudia uadui. Taarifa ya mwaka 2024 ilihusu wagonjwa 15 wa lupasi na magonjwa mengine mawili ya jamii hiyo; wote walikuwa wameacha dawa za kupunguza kinga. Anayewajua wanawake wetu wanaoishi kwa predinisoloni mwaka baada ya mwaka atafahamu kwa nini taarifa hiyo fupi ilisomwa kwa pupa.

Kwa mgonjwa na mhudumu wa huku kwetu

Tiba ya kwanza ilitangazwa Marekani kwa dola 475,000, gharama za hospitali zikiwa mbali. Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake, iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Teknolojia ya India, Bombay, pamoja na Hospitali ya Tata Memorial, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei hiyo. Kwa kuwa wagonjwa wa Afrika Mashariki wamezoea kwenda India kwa rufaa, maswali yatafika kwenye kliniki zetu, na yameanza kufika.

Familia inayouliza ijibiwe kwa uwazi. Je, saratani hii ni ya seli B au ya seli za plazma? Je, imetibiwa kwa dawa za kawaida na ikarejea? Kama jibu ni hapana kwa lolote kati ya hayo, kuuza shamba kwa ajili ya safari hiyo ni kupoteza shamba. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, ni saratani ya seli B, na watoto wengi hupona kwa dawa zilizopo katika hospitali zetu za rufaa wakifikishwa mapema. Mtoto huyo asicheleweshwe hata wiki moja kwa sababu ya habari za ng'ambo.

Anayerudi baada ya kupata tiba hii huja na kadi inayotaja jina la dawa na tarehe aliyopewa. Isomwe kabla ya jambo lolote. Kinga yake yaweza kubaki chini kwa miezi mingi, hivyo homa yake isihesabiwe malaria tu hata kipimo cha haraka kikiwa chanya. Atafutiwe na maambukizi ya bakteria. Chanjo zenye vimelea hai zisitolewe bila ushauri wa waliomtibu. Afuatiliwe kwa maisha yake yote, kwani tangu 2024 tiba hizi hubeba onyo la saratani ya seli T inayoweza kuzuka baadaye, ingawa ni nadra.

Kuna jambo moja zaidi ambalo katika mazingira yetu laweza kuvunja nyumba. Baadhi ya tiba hizi hutumia virusi vilivyolemazwa vya jamii moja na VVU kupachika jeni, na vipande vifupi vya vinasaba hivyo hubaki ndani ya seli za mgonjwa. Baadhi ya vipimo vinavyotafuta vinasaba vya VVU vyaweza kutoa jibu chanya kwa mtu asiye na maambukizi. Jibu la namna hiyo lisitamkwe kwa mgonjwa wala kwa mwenzi wake, wala dawa za kufubaza virusi zisianzishwe, hadi kadi isomwe, maabara iarifiwe, na apimwe kwa kipimo kinachotafuta kingamwili na antijeni badala ya vinasaba.